Kondoa wakati wa mavuno: Boga jikoni, magari ya mabua uani na ungo unaolinda ini la mtoto

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Kondoa mwezi Juni, barabara ya lami iendayo Babati inakupitisha Mayamaya, Haneti na Chemba kabla hujaanza kuona vilima vya Irangi. Mvua zimeshakata. Mashambani yamebaki mabua ya mtama na mahindi yenye rangi ya kahawia, alizeti zimeinamisha vichwa, na mito mingi unayovuka ni mchanga mtupu. Asubuhi na jioni sweta ni lazima. Mchana jua ni kali, na upepo wake mkavu ndio wenyeji wanaousubiri mwaka mzima.

Wageni wengi hufika huku kwa ajili ya michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanapanda mlimani, wanapiga picha na kuendelea na safari ya Babati au Arusha. Wakipita mwezi Juni au Julai, wanapitwa na jambo jingine la kuona: familia nzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa chekechea, ikiwa imekaa uani kuzunguka ungo.

Nilikaa siku nne kwenye nyumba ya familia moja kati ya Kondoa mjini na Kolo. Mama mwenye nyumba ana watoto wanne, na mama mkwe wake anaishi nyumba ya pili, tembe ya zamani yenye paa bapa la udongo. Nilitaka kuona chakula cha mtoto kinavyotayarishwa tangu kinapotoka shambani, kwa sababu katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimegundua kwamba wazazi wengi wa mjini tunaanza kufikiria usalama wa chakula kikiwa tayari kwenye pakiti.

Uani kuna kila kitu

Msimu wa mavuno huku hauna siku moja ya kuanza. Karanga na kunde hutangulia, mahindi yanafuata, kisha mtama na uwele. Mbaazi husubiri hadi Julai na kuendelea. Maboga yanakaa shambani mpaka kikonyo kinyauke, ndipo yanabebwa nyumbani na kupangwa ukutani.

Paa la tembe la bibi ndilo lilikuwa sehemu nzuri ya kuanikia, kwa kuwa kuku na mbuzi hawalifikii. Zamani mahindi yalimwagwa moja kwa moja juu ya udongo wa paa. Siku hizi wanatandika turubai au jamvi kwanza, na jua likianza kuzama kila kitu kinakunjwa na kufunikwa kwa sababu ya umande.

Nilipomuuliza bibi kwa nini wanahangaika kukunja turubai kila jioni wakati mvua hakuna, alinijibu kwa kifupi: “Mjukuu wangu, umande nao ni maji.”

Ni jibu ambalo wataalamu wa afya wangelitia sahihi. Kuvu wanaoharibu nafaka wanahitaji unyevu, na wanaweza kuupata kwenye ardhi, kwenye umande au kwenye punje ambayo haijakauka vizuri kabla ya kufungiwa guniani.

Kilichotokea mwaka 2016

Wazazi wa Kondoa wana sababu ya kuwa makini. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na ugonjwa ambao mwanzoni uliwashangaza waganga. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika. Wilaya za Chemba na Kondoa zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, ambayo ilikuwa kwenye mahindi waliyokuwa wakila. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia.

Sumukuvu ni neno ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Hutengenezwa hasa na kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, na mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi. Haina harufu wala ladha. Kuchemsha, kukaanga au kusaga hakuimalizi. Unga ukishachanganyika na punje mbovu, hakuna upishi utakaourudisha kuwa salama.

Wanaokufa ghafla ni wachache. Madhara ya wengi huja taratibu. Kula kiasi kidogo kila siku kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Tafiti pia zimeihusisha sumu hii na udumavu wa watoto. Mtoto ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na chakula chake hakibadiliki sana: uji wa mahindi wenye karanga asubuhi, ugali mchana, ugali usiku.

Ndiyo maana nilipoona watoto wamekaa na ungo uani, sikuiona ile kama kazi ndogo ya kuwashughulisha wasisumbue.

Ungo na bakuli tatu

Kabla watoto hawajaitwa, mama hupitia karanga mwenyewe na kuondoa zote zenye ukungu unaoonekana, akiwa amejifunga kanga mdomoni na puani ili asivute vumbi lake. Baada ya hapo ndipo ungo unawekwa katikati ya mkeka, na watoto wakubwa wanapewa bakuli tatu.

Bakuli la kwanza ni la karanga nzima, zilizojaa na zenye rangi moja. La pili ni la zilizopasuka au kumeguka. La tatu ni la zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi au zenye madoa meusi. Anayebishaniwa anaonyesha punje yake kwa bibi, naye anaamua. Mtoto wa miaka saba alikuwa na macho makali kuliko mimi.

Bakuli la kwanza ndilo linalokwenda kwenye chakula. La pili linarudiwa kuchambuliwa na mtu mzima siku hiyohiyo, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. La tatu linafukiwa shimoni. Hapewi kuku wala ng’ombe, kwa kuwa mnyama akila sumukuvu, sehemu yake inaweza kupita kwenye maziwa na kurudi mezani kwenu. Kazi ikiisha, kila mtu ananawa mikono kwa sabuni.

Je, kuchambua kwa mkono kunasaidia kweli? Ndiyo. Nchini Guinea, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia vijiji 20 vinavyolima karanga. Katika nusu ya vijiji hivyo, familia zilifundishwa kuchambua kwa mkono, kuanika kwenye mikeka badala ya ardhini, kukausha vizuri juani na kuweka magunia juu ya mbao. Miezi mitano baada ya mavuno, kiasi cha sumu kilichopimwa kwenye damu ya watu wa vijiji hivyo kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine. Miongoni mwa vifaa vyao vilikuwa mikeka, magunia na mbao.

Pishi la kwanza: Boga la karanga

Karanga za bakuli la kwanza zilipikwa jioni ileile. Hili ni pishi la kila nyumba, na boga la msimu huu ni tamu kiasi kwamba halihitaji sukari.

Chukua boga la kilo moja, kikombe kimoja cha karanga zilizochambuliwa na kutwangwa zikawa laini, na chumvi kidogo. Osha boga, likate vipande vikubwa, toa mbegu na uziweke pembeni. Panga vipande sufuriani, ganda likiwa chini, tia vikombe viwili vya maji, funika na uache lichemke kwa dakika 20 hivi hadi liwe laini. Mwaga maji yaliyozidi, komba nyama ya boga na uiponde kwa mwiko. Koroga karanga kwa maji ya uvuguvugu ziwe uji mzito, mimina kwenye boga, punguza moto na uendelee kukoroga kwa dakika 10.

Rangi ya njano ya boga inatokana na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya karanga husaidia viini hivyo kufyonzwa. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula pishi hili likiwa limepondwa vizuri na bila chumvi, huku akiendelea kunyonya. Kama ndiyo mara yake ya kwanza kula karanga, anza na kiasi kidogo na umwangalie.

Mbegu za boga usizitupe. Zioshe utelezi uishe, zianike siku nzima, kisha zikaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukizinyunyizia maji ya chumvi. Zikianza kupasukapasuka, epua. Zina protini, madini ya chuma na zinki. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zitwange kwanza, kwani mbegu au karanga nzima inaweza kumkaba.

Pishi la pili: Makande ya mbaazi

Makande ni chakula cha siku ya baridi, na hapa hupikwa kwenye chungu au sufuria kubwa tangu saa nne asubuhi. Pima vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha mbaazi kavu. Vyote vichambuliwe kwanza. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale na utie mengine.

Anza na mahindi peke yake kwa saa moja, kisha ongeza mbaazi. Zikiiva, tia kitunguu, nyanya mbili na karoti, acha viive, kisha malizia na karanga zilizotwangwa. Chumvi iwekwe mwishoni. Sufuria hii inatosha watu watano au sita, na kinachobaki kinaliwa jioni kikiwa kimechemshwa upya hadi kitokote.

Pishi la tatu: Majani makavu ya kunde

Mboga za majani zitakuwa adimu ikifika Septemba, kwa hiyo huhifadhiwa sasa. Majani ya kunde huoshwa, huchemshwa kwa dakika chache, hukamuliwa na kuanikwa hadi yavunjike ukiyafinya. Bibi huyaanika juani, lakini ushauri wa lishe ni kuyaweka kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A.

Kuyapika ni rahisi. Roweka viganja vinne vya majani makavu kwa nusu saa, suuza, kisha chemsha kwa maji kidogo pamoja na kitunguu na nyanya. Yakilainika, weka karanga na ukoroge hadi rojo liwe zito. Unakula na ugali wa mtama. Ukikamulia limau kidogo, mwili unafyonza vizuri zaidi madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na nafaka.

Shamba linapogeuka duka la vitu vya kuchezea

Mahindi yakishapukuchuliwa, uani panabaki magunzi, maganda na mabua. Wazazi wanayaona kama kuni na chakula cha mifugo. Watoto wana mipango mingine.

Gari la mabua. Chagua mabua makavu ya mtama au mahindi. Mtu mzima abandue ganda la nje kwa kisu, maana kingo zake hukata kama wembe. Moyo mweupe wa bua, ulio laini kama sponji, unakatwa vipande vya kutengeneza bodi. Vijiti vyembamba vya ganda ndivyo misumari: unavichoma kwenye moyo wa bua kuunganisha kipande na kipande. Magurudumu yanakatwa kwenye ndala iliyokwisha. Nilihesabu malori matatu na basi moja, na dereva wa basi aliniambia linakwenda Singida.

Mdoli wa gunzi. Gunzi kavu ndilo mwili. Ndevu za mahindi ndizo nywele, zikifungwa juu kwa uzi wa katani. Maganda ya mahindi yakiloweshwa maji dakika tano yanalainika na unaweza kuyakunja yakawa gauni na mikono bila kuchanika. Uso unachorwa kwa mkaa.

Kayamba ya kibuyu. Chukua kibuyu kidogo kilichokauka, toboa tundu moja, toa mbegu zake, tia kokoto ndogo safi na uzibe tundu kwa kipande cha gunzi kilichochongwa. Usimpe mtoto mdogo anayeweka kila kitu mdomoni, kwani kizibo kikichomoka kokoto zitamwagika.

Picha ya mbegu. Hii inafaa hata kwa familia iliyopo kwenye nyumba ya kupanga Mbagala au Mwanza. Chora kuku au nyumba kwenye boksi tupu. Pika gundi ya unga wa ngano na maji, iwe nzito kama uji, iache ipoe. Mtoto abandike mbegu kwa rangi: alizeti kwa nyeusi, boga kwa nyeupe, kunde kwa kahawia, mtama kwa nyekundu. Tumia mbegu nzima na safi. Zenye ukungu hazifai hata kwa mchezo.

Kuna faida nyingine katika mchezo huu wa mwisho. Mtoto anayetafuta punje ishirini zinazofanana anazoesha jicho lake kuona ile isiyofanana na wenzake. Kesho akikaa kwenye ungo anajua anachotafuta. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Chupa na chumvi

Kabla ya kufunga magunia, mama wa nyumba hii hufanya kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya jikoni. Anachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Anaijaza mahindi hadi robo, anaongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, anafunga na kutikisa kwa dakika moja. Kisha anaiacha itulie kwa robo saa.

Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yanarudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, unyevu uko chini ya asilimia 15. Ghala salama linataka kama asilimia 13, kwa hiyo yeye huongeza siku moja au mbili za jua hata chumvi ikishadondoka.

Baada ya hapo mahindi yanawekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Ndani ya mfuko hewa huisha na wadudu hufa bila dawa. Mifuko inakaa juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Kwa mzazi wa mjini

Wengi wetu hatuna turubai wala paa la tembe. Tunanunua sokoni, na hatari inatufuata kwenye kifuko cha unga wa uji. Haya ndiyo ninayowaomba wazazi wayachukue kutoka Kondoa.

Nunua karanga nzima, usinunue zilizosagwa tayari bila kujua zilikotoka, kwa sababu zikishasagwa huwezi kuziona. Zimwage kwenye ungo au sinia, uzichambue, ndipo uzikaange na kuzitwanga. Twanga za wiki moja tu na uziweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Fanya hivyo kwa mahindi kabla ya kuyapeleka mashineni. Kama unanunua unga uliofungwa, chagua wenye alama ya ubora na tarehe. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu kwenye mahindi isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kiasi hicho hupimwa maabara, si kwa macho.

Badilisha nafaka. Leo uji wa mahindi, kesho wa uwele au ulezi, keshokutwa boga au viazi vitamu. Usirundike nafaka tano na karanga kwenye unga mmoja wa mtoto ukidhani ndiyo lishe. Ni rahisi zaidi kukagua kitu kimoja kuliko sita, na karanga unaweza kuziongeza sufuriani wakati wa kupika.

Unga ukinuka uvundo au ukiwa na ukungu, utupe wote. Kuondoa sehemu iliyoharibika na kupika iliyobaki hakutoshi. Na mtoto au mtu mzima akipata macho ya manjano, tumbo kuvimba na kutapika, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na ubebe kiasi cha chakula alichokula ili kipimwe.

Mwezi huu karanga mpya zimeshaanza kushuka kwenye masoko ya Dodoma, Dar es Salaam na Arusha. Jumamosi hii nunua kilo moja, tandika mkeka, weka bakuli tatu na uwaite watoto. Karanga za bakuli la kwanza zitatosha boga la jioni.